Namba za Shemeji Fundi

4 Februari

Shemeji Fundi,

Simu yako najua unaitumia kuzuia karatasi za mitindo zisipeperuke, ndiyo maana nashika kalamu. Hujambo? Cherehani haijambo? Tangu tumzike dada ni miaka miwili, na sijakuandikia barua ya maana hata moja. Nisamehe, kisha unisaidie.

Mikate ilianza kuniungulia. Nikichungulia tanuri, rangi ya ganda naiona kama kuna moshi mbele yake. Nikaenda kupima macho. Daktari wa macho ananiuliza naamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo. Nikamwambia, baba, hayo yanahusiana nini na macho? Kumbe yanahusiana. Nina sukari, shemeji. Kile kipimo kikubwa, kinachoeleza habari za miezi mitatu yote iliyopita, kimetoa asilimia kumi na nukta nne. Daktari mwenyewe aliguna.

Mwanangu, unamjua alivyo, mwalimu wa hesabu toka tumboni, alikuja na karatasi ya mistari. Anasema mtu hawezi kuwa na sukari na kuoka mikate papo hapo. Nitaonja, nitasahau dawa, siku moja nitazimia niangukie motoni. Anataka tanuri nimkabidhi mtu mwingine, mimi nihamie kwake, chumba cha nyuma, nipunge hewa. Nipunge hewa! Nimeoka miaka ishirini na sita. Tuligombana mpaka majirani wakazima redio wapate kusikia vizuri. Mwisho tukakubaliana: kipimo kikubwa kinarudiwa katikati ya Mei. Kikishuka chini ya nane, na niwe najipima mwenyewe bila kushikwa mkono, tanuri ni langu. Kisiposhuka, nafungasha.

Hapo pa kujipima mwenyewe ndipo nilipokwama. Mashine ninayo, lakini kujidunga siwezi. Kila asubuhi naitia mfukoni, navuka barabara kwa muuguzi jirani, nanyosha kidole huku nimeangalia ukuta. Wewe una sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kukusikia ukilalamika. Nifundishe.

Shemeji yako wa unga

---

13 Februari

Shemeji Unga,

Pole, na karibu chamani. Usilie. Ukilia utaharibu unga.

Umefanya vizuri kumwandikia mtaalamu. Mimi nimechomwa na sindano tangu nilipokuwa najifunza kutia vifungo, kwa hiyo hiki kisindano cha sukari kwangu ni mzaha. Najipima kila asubuhi kabla ya chai. Jana 6.1. Juzi 6.0. Nikizidi sana 6.3, na hiyo ni kama kulikuwa na sherehe.

Sasa sikiliza. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, si baridi, damu ipate kushuka. Kausha vizuri. Mkono uuning'inize kidogo, kama unaotaka kuokota kitu. Usidunge katikati ya ncha ya kidole, pale ndipo unapokandia, pakiuma utashindwa kazi. Dunga pembeni. Leo kidole hiki, kesho kile, kila kimoja kipate zamu yake. Na ile hofu dawa yake ni hii: taja kwa sauti mtu anayekuudhi, halafu bonyeza hapo hapo kabla jina halijaisha mdomoni. Utashangaa.

Cherehani haijambo. Mimi nagombana tu na uzi. Uzi wa siku hizi una nywele, siku nyingine naupitisha kwenye tundu la sindano mara nane, mara tisa. Wanaoutengeneza hawana haya.

Mwambie mwalimu wako wa hesabu kwamba baba yake mkubwa amesema atulie.

Fundi, 6.1

---

27 Februari

Shemeji Fundi,

NIMEJIDUNGA!

Siku nne nilikaa mbele ya ile mashine tukatazamana. Ya tano nikafunga mlango, nikaosha mikono, nikaning'iniza mkono kama ulivyosema, nikataja kwa sauti, "Mwalimu wa hesabu!" na nikabonyeza. Tone likatoka, dogo, jekundu, zuri kabisa. Nililitazama mpaka nikasahau kuligusisha kwenye kijikaratasi cha mashine, ikabidi nidunge tena. Mara ya pili nilimtaja huyo huyo. 9.8. Bado kubwa, najua, lakini ni yangu, nimeitoa mwenyewe.

Nilifungua mlango nikamwonyesha mama anayenikandia unga. Alinikumbatia, tukachafuana. Muuguzi jirani alikuja saa mbili kuuliza kwa nini sijavuka, nikamwambia sina haja naye tena, akacheka akachukua mkate.

Ila hiyo mbinu ya kumtaja anayekuudhi si yako, usinidanganye. Ni ya dada. Nikiwa mdogo alikuwa akinitoa miiba miguuni hivyo hivyo. "Taja anayekuudhi," nami nilikuwa namtaja yeye. Nilipobonyeza nilisikia sauti yake kabisa, nikaketi kidogo kabla ya kuwasha moto.

Kuonja nimeacha. Zamani kila mkupuo niliukatia kipande na chai ya vijiko vitatu, mikupuo sita kwa siku, wewe piga hesabu. Sasa naugeuza mkate, naugonga chini kwa kidole, nausikiliza. Ukiiva unajibu. Miaka yote hiyo masikio yalikuwepo, nikawa natumia tumbo.

Shemeji yako wa unga

---

9 Machi

Shemeji Unga,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa mteja aliyekuja kupunguziwa suruali. Amekupigia makofi ingawa hakujui.

Mbinu ni ya dada yako, sawa. Mume na mke mali ni moja.

Sasa ongeza kutembea. Baada ya kula usikae. Zunguka jengo, hesabu madirisha, msengenye mtu, alimradi miguu inakwenda. Mimi kwa kukanyaga cherehani tu naenda mbali kuliko wanariadha. Leo 6.0.

Fundi

---

22 Machi

Shemeji,

Kwa haraka sana. Mashine yangu ilitumbukia kwenye karai la unga, ikakandwa, tumeitoa imekufa. Mwanangu amenitumia mpya jana. Leo asubuhi nimejidunga vizuri, pembeni, mikono misafi, na imesema 139.

Mia moja thelathini na tisa, shemeji! Juzi nilikuwa 7.9. Nimekaa chini hapa kwenye gunia. Muuguzi yuko kazini hadi jioni. Mwanangu sitaki ajue, akijua atakuja na gari la kuhamisha vitu. Wewe umewahi kufika mia? Mtu anafika mia na anaishi?

Niandikie leo leo.

Mimi

---

30 Machi

Shemeji Unga,

Tulia, tulia, tulia. Mia si kitu! Mimi nimeizoea mia. Juzi nilikuwa 118, jana 122, na nimeshona sare za kwaya nzima nikiwa nafanya mluzi. Mwili una siku zake. Kunywa maji, tembea, usimwambie mtu. Mashine hupanda na kushuka.

Ungeona ninavyokuandikia huku nacheka, ungeacha hofu.

Fundi, 118

---

12 Aprili

Shemeji Fundi,

Muuguzi alirudi jioni ile ile. Nilimwonyesha 139 nikiwa tayari nimeshachagua nguo ya kuzikwa. Akaangalia, akacheka mpaka akashika kizingiti. Kumbe mashine hizi ziko za aina mbili. Nyingine husoma kwa namba ndogo, nyingine kwa namba kubwa, na sukari ni ile ile. Akaniuliza, "Umewahi kuiona futi ya fundi nguo?" Nikamwambia nina shemeji fundi. Akasema basi, upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Kiuno kikiwa thelathini na sita upande huu, kikigeuzwa ni tisini na moja, na mwenye kiuno hajanenepa. 139 yangu, ukiigeuza, ni 7.7. Nilikuwa nimeshuka, shemeji! Nilikuwa nalilia ushindi!

Nilicheka wiki mbili. Ya tatu barua yako ikafika, nikaacha kucheka.

Mashine yako naijua. Dada aliwahi kunipima nayo nilipowatembelea. Ni ya namba ndogo. Wiki zote unaniandikia 6.1, 6.0, sawa. Mimi nimesema 139, wewe ghafla una 118 na 122. Futi yako iligeuka lini? Mtu mwenye 118 kwenye mashine ile asingeshona sare za kwaya, angekuwa anaimbiwa na hiyo kwaya.

Wewe fundi uliyepima viuno miaka arobaini, umeshindwa kuona kwamba namba hizo ni za upande mwingine? Ungejua, kama ungekuwa unaitazama mashine.

Nakuuliza mara moja tu, na sina hasira, nina hofu: mara ya mwisho kujipima ni lini?

Mdogo wa mke wako

---

21 Aprili

Shemeji,

Sijawahi.

Nimeliandika neno hilo kisha nikaenda kufungua dirisha. Sasa nimerudi.

Sijawahi kujidunga hata siku moja. Miaka tisa alinidunga yeye. Kila asubuhi, mezani, kabla ya chai. Anakuja na bakuli la maji ya uvuguvugu, ananishika mkono, ananiambia niuning'inize, ananiuliza, "Nani anakuudhi leo?" Na mimi, nisamehe, miaka tisa jina nililotaja lilikuwa lako. Tulikuwa tunacheka, tayari ameshadunga. Namba aliziandika yeye kwenye daftari. Mimi nilijua tu kwamba 6.1 ilimfanya atabasamu.

Alipoondoka, mashine niliifungia kabatini. Dawa nameza, sijaacha, naonyesha cheti cha zamani duka la dawa. Kliniki siendi, maana wataniuliza namba. Watu wanadhani fundi haogopi sindano, na ni kweli siiogopi. Ninachoogopa ni kukaa pale mezani na mkono wangu mwenyewe tu. Nimeshindwa, shemeji. Nina miaka sitini na nne na nimeshindwa kitu ambacho wewe umekiweza kwa siku tano.

Uliponiandikia barua ya kwanza nilifurahi mno kuombwa. Kila nilichokufundisha ni cha dada yako, nilikuwa nafumba macho namkumbuka anavyofanya, kisha naandika. Namba ndizo zilikuwa zangu, na ndizo zilikuwa za uongo.

Na uzi, nadhani hauna nywele, ni macho yangu.

Fundi

---

29 Aprili

Shemeji Fundi,

Nimelia, nimekutukana, nimeosha uso. Miaka tisa jina langu! Sasa najua kwa nini sikio hili lilikuwa linaniwasha kila asubuhi.

Nikuambie ukweli. Nilipomaliza barua yako, nilishikwa na hofu. Nikajisemea, basi mimi sijui kitu. Aliyenifundisha hakuwahi kufanya. Wiki mbili kabla ya kipimo, na msingi wangu wote ni wa mchanga.

Siku iliyofuata nikawa peke yangu tanurini, mkandaji ameenda kliniki na mtoto. Nilikuwa nimemeza dawa asubuhi, na kwa kazi zilivyonibana nikala nusu kikombe cha uji tu, chakula cha saa sita nikakisogeza mbele. Kwenye saa saba mwili ukaanza kutetemeka. Jasho jembamba, moyo mbio, nasoma jina la hamira kwenye pakiti na silielewi. Mlango wa tanuri uko wazi mbele yangu. Ndiyo siku aliyoitabiri mwanangu.

Sikumwita mtu. Niliufunga ule mlango kwa mguu, nikarudi nyuma, nikakaa sakafuni mbali na moto. Nikaosha mkono kwa maji ya chupa, nikaukausha, nikadunga pembeni bila kumtaja yeyote. 61. Na mimi nikajua 61 ni nini! Nikajua ni ya chini, upande wa namba kubwa. Nikachukua sukari, shemeji, sukari yenyewe, ile adui, vijiko vitatu kwenye maji, nikanywa. Nikasubiri dakika kumi na tano nikitazama saa. Nikapima tena: 94. Nikala mkate na yai. Mikate ya mkupuo ule iliungua yote, myeusi kabisa, na sijawahi kuipenda mikate kama ile.

Sasa niambie, nani alifanya yale? Si wewe. Hata dada hakuwepo. Zilikuwa akili zangu na vidole vyangu. Lakini kama usingeniandikia, ningekuwa bado nimeangalia ukuta kwa muuguzi. Kwa hiyo uongo wako nimeusamehe, ila wa kesho siusamehe.

Fungua kabati. Betri ya mashine itakuwa imekufa, nunua nyingine, na vijikaratasi vya zamani tupa, vimeshaisha muda. Kaa mezani. Ukidunga, nenda kliniki na namba yako yoyote ile, hata ikiwa ya kutisha. Mimi nilipeleka kumi na nukta nne na sikufukuzwa.

Mwalimu wako sasa

---

11 Mei

Mwalimu,

Betri nimenunua Jumatatu. Jumanne nilisafisha meza. Jumatano nilipata kazi nyingi za ghafla, unajua mambo ya pindo. Alhamisi nikaona aibu.

Nilikaa. Nilichemsha maji, yakapoa, nikachemsha tena. Nikaning'iniza mkono. Nikatafuta wa kumtaja, nikaona wewe siwezi kukutaja tena, hunisumbui siku hizi. Nikajitaja mwenyewe. Nikabonyeza. Haikuuma hata kidogo, shemeji. Miaka miwili nimekimbia kitu kisichouma.

14.3.

Nilibaki nimeikodolea macho. Kisha nikalia, lakini kilio cha aina nyingine, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kumechafuka lakini ni kwake. Nikavaa viatu nikaenda kliniki. Muuguzi pale ni binti mdogo, aliuliza, "Baba, anayekupima nyumbani ni nani?" Nikamwambia, "Mimi." Kwa sauti kubwa mno, watu kwenye benchi wakageuka.

Wamenibadilishia dawa. Wameangalia miguu, iko salama. Macho wataangalia mwezi ujao. Sukari ikishuka, wanasema, huenda na uzi ukaota upara.

Kipimo chako ni lini hasa? Siku hiyo sitashona kitu cha mtu, nitaharibu.

Fundi

---

24 Mei

Shemeji Fundi,

Asilimia saba na nukta mbili!

Kutoka kumi na nukta nne! Daktari hakuguna safari hii, alinipa mkono. Nilitoka kliniki nikitembea katikati ya barabara, mwenye baiskeli akanipigia kengele, nikampungia kama rais.

Mwanangu alikuja jioni na karatasi yake ya mistari. Akaisoma saba na nukta mbili mara mbili, akaikokotoa pembeni, sijui alikuwa anatafuta nini. Kisha akasema, "Sharti la pili, mama. Nataka kukuona ukijipima mwenyewe." Nikamwambia simama hapa. Nikaosha mkono, nikadunga. Tone lilipotoka nikasikia kishindo. Mwalimu wa hesabu amekaa chini, mweupe kama unga, kichwa katikati ya magoti. Mtu mzima mwenye watoto wawili! Mkandaji akampepea kwa bati la mkate, mimi nikampima na yeye kabisa, tulipokuwa tumemshika. Yuko sawa, mwoga tu.

Alipopata nguvu alisema, "Mama, mimi nisingeweza hiyo." Nikamwambia najua. Akaniangalia muda mrefu, hakunitazama hivyo tangu alipokuwa na sare za shule. Akasema nisamehe kwa kile chumba cha nyuma. Karatasi ya mistari akaichana vipande vinne, na mimi nikavitumbukiza motoni mwenyewe.

Tanuri ni langu, shemeji. Kesho naamka kuwasha moto kama kawaida. Nimefurahi mpaka mashavu yanauma.

Wewe je? Niandikie yako, na usinipambie.

Shemeji yako wa unga

---

6 Juni

Shemeji Unga,

Nimecheka mpaka nimeshona mfuko nikauziba mdomo. Mteja ameukataa, nami nimemsomea barua yako yote, akaukubali. Hongera. Hongera sana, mdogo wa mke wangu. Angekuwepo angecheza kuzunguka meza, na mimi leo nimecheza kwa niaba yake, polepole, mlango umefungwa.

Za kliniki ni njema. Dawa mpya nazimeza, natembea kweli siku hizi, siyo kwa cherehani. Madirisha ya mtaa huu ni mia na kumi na saba. Majirani wanadhani nimekuwa mpelelezi.

Namba yangu ya leo asubuhi ni 6.2.

Hapana. Umeona nilivyoikata hiyo kwa kalamu? Mkono una mazoea yake, ulitaka kukufurahisha.

Ni 9.4, shemeji. Nimeipima mwenyewe.

Fundi